Siku Kasmir Alipopanda Farasi Bila Kinyago

Kasmir alikuwa zimwi kwa miaka minne. Naandika habari zake kwa sababu watu wa Sanyuanli, mtaa wetu hapa Guangzhou, wameshazisimulia vibaya vya kutosha, na wengi wao hawakuwepo. Mimi nilikuwepo. Nilikuwepo kuliko nilivyotakiwa.

Kazi yake ilikuwa kupanda farasi katika bustani moja kubwa ya michezo nje ya mji, saa nzima na nusu kwa treni ya chini ya ardhi na basi. Jina la bustani siliandiki. Miezi kumi na moja ya mwaka alizoa mavi na kuwazungusha watoto wa Kichina juu ya farasi wazee, kamba mkononi. Mwezi wa kumi ukifika, bustani yote inageuzwa makaburi. Wachina wameipokea Halowini ya Wazungu kama walivyoipokea kahawa, wakaitia sukari mpaka ikawa yao. Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, saa moja jioni, gwaride linapita kwenye barabara kuu ya bustani: mabibi harusi wenye damu, maiti wanaorukaruka kwa miguu miwili na karatasi ya njano kwenye paji la uso, ngoma, moshi wa mashine, halafu farasi wanne. Farasi wa mbele ni mweusi, mwenye soksi nyeupe ya manyoya mguu mmoja. Wachina wana jina lao la kumwitia. Kasmir alimwita Jirani, maana chumba chake na zizi viligawanywa kwa ubao mmoja. Juu ya Jirani alikaa zimwi lenye pembe na meno ya nguruwe, na ndani ya zimwi hilo ndimo alimokuwa Kasmir.

Kinyago chenyewe nilikishika siku moja. Mpira mzito, unanuka kama ndani ya buti. Tundu la kuonea liko mdomoni, kwa hiyo anayekivaa anautazama ulimwengu kupitia meno.

"Mama Agape, humu ndani unaweza kuchemsha chai," aliniambia.

Alizaliwa Usa River, pale njia ya kutoka Arusha kwenda Moshi. Shule ilimshinda, au yeye aliishinda, akiwa na miaka kumi na nne, akaenda kubeba majani kwenye shamba la farasi la mzungu mmoja. Kupanda hakufundishwa na mtu. Alipotumwa kuwapeleka kunywa maji alipanda mgongoni bila tandiko, akiamini hakuna anayemwona. Mzungu alimwona. Badala ya kumfukuza akampa tandiko la zamani, na tangu siku hiyo Kasmir akawa mtu mwingine. Anapotembea chini ni wa kawaida tu, mabega yameanguka, anaomba radhi hata akikanyagwa yeye. Mpandishe farasi, utadhani kuna mtu kamvuta utosini kwa uzi. Akaja wakala kutafuta wapanda farasi wa maonyesho, akamwona, akampa mkataba wa Kichina kurasa kumi na moja, naye akasaini zote. Alishuka Guangzhou akiwa na miaka ishirini na saba.

Mimi alinifikia kwa ajili ya gauni. Kazi yangu ni kununulia watu nguo. Zamani wateja wa Kariakoo na Mwanza walikuwa wanapanda ndege wenyewe. Siku hizi wananipigia simu ya video, nami nasimama ndani ya maduka ya barabara ya Zhanqian nikiwaonyesha gauni kwenye simu, mbele, nyuma, pindo, kola. Kama zipu ina kasoro au kuna doa, mkono wenyewe unajua pa kupinda. Mteja anaona gauni zima isipokuwa pale. Kila wakala wa barabara ile anafanya hivyo, na anayekataa amekuja mjini juzi.

Kasmir alitaka gauni la kumpelekea Albina, mchumba wake, aliyebaki Usa River anafundisha watoto wa chekechea. Akachagua la bluu, nikamwambia bluu inachuja, chukua la damu ya mzee. Tangu siku hiyo akawa ananiamkia kila Jumatatu, siku yake ya mapumziko, na mimi nikawa namlisha. Mtoto wa watu, peke yake, anaongea na farasi wiki nzima.

Sasa shida yake ilikuwa moja, na jina lake ni Mzee Alphonce, baba wa Albina. Mzee wa kanisa, mfugaji, mtu wa maneno machache na yote ya moto. Pale Usa River watu walishamjaza kwamba vijana wanaokwenda China hawana kazi, wako jela au wanakoelekea ni jela. Kasmir akamtumia picha akiwa juu ya Jirani, na kinyago. Mzee akaitazama, akamwambia Albina amjibu hivi: "Farasi nimemwona. Aliye juu simjui. Binti yangu simpi mtu asiye na uso."

Ukisema ajipige picha akiwa zizini, simu hairuhusiwi zizini. Ukisema amwonyeshe chumba, alimwonyesha, mzee akasema kitanda hata mfungwa anacho. Alitaka jambo moja, amwone Kasmir kazini, kwa macho yake, uso ukiwa wazi. Ilikuwa miaka minne sasa. Bwana afya wa kata, Rodgers, alishatuma watu wa posa mara mbili, na mzee alishatamka mbele ya wajomba kwamba mwezi wa kumi na moja ukiingia anawapokea.

Kasmir alikuwa anaandika barua kwa bosi wake kila mwaka, anaomba apande bila kinyago hata siku moja. Bosi huyo, Bi Liang, ndiye msimamizi wa gwaride, mwanamke mwembamba wa kutembea haraka. Kila mwaka jibu lilikuwa lile moja la Kichina ambalo sisi sote tumelijua kabla ya salamu: *meiyou*, hakuna. Mwaka huu, mwisho wa mwezi wa tisa, akamwita. Akamwambia, "Siku ya mwisho ya gwaride hutavaa kinyago."

Hakuuliza kwa nini. Alipokuja Jumatatu kuniambia, alikuwa amenunua ndizi mkungu mzima. Mimi pia sikuuliza, na mimi riziki yangu ni kuuliza.

"Jumapili ya mwisho ya mwezi wa kumi," akasema. "Saa moja ya hapa, kule ni saa nane mchana, watakuwa wametoka kanisani. Wewe utashika simu, Mama Agape. Hakuna anayejua kushika simu kama wewe."

"Na mzee atakubali kukaa mbele ya simu?"

"Amekubali. Amesema ataita na wajomba."

Basi sisi tukafanya kama watu wenye akili zao wanavyofanya kwenye shughuli: tukashona sare. Wanawake sita wa ibada yetu ya Jumapili, Watanzania watano na Émérance wa Lubumbashi, mnunuzi wa viatu, ninayepanga naye nyumba moja. Kitenge cha zambarau na njano, mikono ya puto, vilemba. Fundi wa Sanyuanli alitushonea kwa siku tatu. Mtu anatambulishwa ukweni, utakwenda umevaa suruali ya sokoni?

Tulifika bustanini saa kumi na moja na nusu, na hapo ndipo niliposhtuka kwa mara ya kwanza. Watu walianza kutupiga picha. Nikadhani wanasifia vitenge. Binti mmoja akamsukuma mwanawe asimame katikati yetu, mtoto akalia, mama akacheka, akatushukuru.

"Mama Agape, batu hawa banatupiga photo ju ya nini?" Émérance akauliza.

"Wanatuona wazuri."

"Ule mutoto analia."

Kabla sijamjibu, mlinzi mwenye redio akanishika kiwiko, akatuelekeza kwenye lango la pembeni, akisema waigizaji wapite huku. Nikamwonyesha tiketi. Akaitazama tiketi, akatutazama sisi, akatazama kilemba changu kwa muda, halafu akauliza kwa adabu kabisa sisi ni kundi gani la mizimu. Wenzangu wakacheka mpaka wakashikana. Mimi sikucheka. Nikamwonyesha tena tiketi mpaka akatupisha.

Tukasimama karibu na kibanda cha bisi, mahali alipotuagiza Kasmir. Saa kumi na mbili na nusu simu yangu ikalia. Ni yeye, sauti ya chini, amejificha na simu, nyuma yake farasi anakoroma.

"Mama Agape. Wamenipa mifupa."

"Mifupa gani?"

"Ya plastiki. Ya kuvaa shingoni. Na sketi ya majani, na chokaa ya kujichora usoni. Nimemuuliza Bi Liang kinyago kiko wapi, akasema si ulikuwa hukitaki. Akasema wewe huhitaji kinyago, watu wakikuona wataogopa vizuri zaidi."

Nikasogea pembeni wenzangu wasisikie.

"Nimemwomba anirudishie," akaendelea. "Nimepiga na magoti. Nimesema nipe kinyago changu, leo tu. Amempa mwanafunzi mmoja wa chuo, anapanda yule farasi wa kahawia mbele. Mimi na Jirani tumewekwa nyuma kabisa."

"Usipande. Sema unaumwa."

"Nisipopanda hawanioni. Na kibali changu cha kukaa kiko kwenye droo yake." Kisha akauliza, "Wako hewani?"

"Saa moja kasoro tano nawapigia."

"Basi wapigie. Simama palepale."

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kabla ya gwaride, nami nimeyarudia kichwani mara nyingi. Hakusema usinionyeshe. Hakusema nionyeshe upande. Alisema simama palepale.

Nikapiga. Sebule ya Mzee Alphonce ikajaa kwenye kioo cha simu: wajomba watatu kwenye kochi, soda mezani, vitambaa vya kufuma, watoto chini. Mzee mwenyewe katikati, koti la kanisani hakulivua, fimbo kati ya magoti. Albina pembeni yake ndani ya gauni la damu ya mzee. Alikuwa amesuka.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba, mama. Tunaona watu wengi. Kuna msiba?"

"Ni maonyesho, mzee. Mizimu ya kuigiza."

"Ya kuigiza hainisumbui. Kijana yuko wapi?"

"Anakuja."

Ngoma zikaanza. Mabibi harusi wakapita, maiti wakaruka, mjomba mmoja akauliza kama wanalipwa kwa kuruka. Sebule nzima ikacheka, hata mzee aliguna. Walikuwa na hali nzuri. Hiyo ndiyo inayoniuma; walikuwa wamekuja kukubali. Mtu aliyekuja kukataa havai koti saa nane mchana.

Moshi ukatanda, kwato zikasikika. Akatokea farasi wa kahawia, na juu yake zimwi la pembe. Nyuma kabisa, ndani ya moshi, niliona soksi nyeupe ya Jirani ikipanda na kushuka. Aliye juu sikumwona vizuri. Sikungoja nimwone. Nilishamwona kichwani: mifupa, majani, chokaa, na wale wajomba watatu kimya kwenye kochi, na Albina na nywele zake alizosuka. Nikakumbuka yule mtoto aliyelia katikati yetu. Mkono ukapinda wenyewe, kama unavyopinda penye zipu mbovu.

"Huyo hapo, mzee," nikasema. "Wa mbele."

Nikamfuata mwanafunzi kwa kamera.

Mzee akasogea karibu na kioo. "Mbona ana kinyago? Si mlisema leo uso?"

"Wamebadilisha dakika za mwisho. Wakubwa wao."

Akatazama. Mwanafunzi alikuwa ameng'ang'ania tandiko kwa mikono miwili, magoti yametoka nje, makalio yanagonga kila hatua kama gunia la mahindi kwenye baiskeli.

"Mama," mzee akasema taratibu. "Nimefuga punda miaka arobaini. Huyo hajawahi kukaa juu ya mnyama."

"Ni uchovu, mzee, kazi nyingi."

"Miaka minne ananiambia ni mpanda farasi."

Émérance akanishika bega. "Mama Agape. Angaria." Sikugeuka, akanitikisa. "Angaria huku, ni yeye."

Nikainua macho.

Kasmir alikuwa ametoka kwenye moshi. Hakuwa na mfupa hata mmoja. Alivaa shati jeupe la kola, lile analovaa akija kwangu Jumatatu, limepigwa pasi, na suruali nyeusi na buti. Uso ameunawa, bado una maji. Hatamu kaishika kwa mkono mmoja, mkono mwingine uko pajani, na mgongo ule wa kuvutwa kwa uzi. Jirani alikuwa anatembea kwa madaha kama anajua anakokwenda. Watu waliokuwa wanapiga mayowe kwa mazimwi walinyamaza, si kwa kuogopa. Hawakujua wafanye nini na mtu. Mzee mmoja wa Kichina akavua kofia, sijui kwa nini.

Alikuwa ananitafuta. Aliona vitenge kwanza, nani asingeviona, akatabasamu, akageuza uso wote kuelekea simu yangu. Halafu akaona simu inatazama wapi.

Nimewahi kuona watu wakipoteza mzigo wa kontena zima. Hawakuwa na sura ile. Tabasamu halikutoka, lilibaki pale limesahauliwa.

Nikageuza simu kwa nguvu mpaka ikataka kunitoka. "Mzee, ngoja, ngoja, huyu, huyu wa nyuma."

Kioo kilikuwa cheusi. Mzee alikuwa amesema kitu nilichokisikia bila kukisikiliza: "Imetosha, mama." Nikapiga tena. Nikapiga mara saba. Farasi mwenye soksi nyeupe akapita, mkia, kisha wafagiaji wa gwaride na mifagio yao.

Kwenye kona ya pili walinzi walimshika hatamu wakamshusha. Bi Liang hakupiga kelele hata, alimwambia arudishe buti, ni mali ya bustani. Alitoka lango la nyuma na kandambili. Tulimkuta amekaa kwenye ukingo wa barabara, na sisi sita na vitenge vyetu tukamzunguka kama waombolezaji.

"Walisema nini?" akauliza.

Ningeweza kusema mtandao ulikatika. Ulimi ulishaanza. Nikamwambia kweli, yote, mpaka punda wa mzee.

Akasikiliza. Akauliza, "Alivaa lile gauni?"

"Alivaa."

"Basi," akasema.

Mtu akidhani habari iliishia hapo, bado. Siku ya nne Émérance akapata video kwenye simu. Mchina mmoja alikuwa amemrekodi Kasmir akipita, sekunde ishirini, uso wazi kama pasipoti. Juu wameandika, mwigizaji kasahau nguo zake, na vikatuni vya kucheka. Sikujali vikatuni. Nikaituma kwa Mzee Alphonce, na maelezo marefu ya sauti, nikikiri kila kitu: nilimwonyesha mtu mwingine kwa makusudi, kosa ni langu, Kasmir ndiye huyu hapa.

Alijibu baada ya siku mbili, kwa maandishi, herufi kubwa kama za ubaoni. MAMA, ULITUONYESHA MMOJA UKASEMA NI YEYE. SASA UNATUONYESHA WA PILI UNASEMA NI YEYE. WA TATU USITULETEE.

Albina alimjua kwenye video, bila shaka. Albina angemjua hata ndani ya gunia. Lakini alikuwa ameketi pale mbele ya wajomba, mimi, shangazi yake mtarajiwa wa China, nikidanganya hewani, na baba yake akawa ndiye mwenye haki. Mwezi wa kumi na moja watu wa Rodgers walipokewa. Nasikia mahari waliikamilisha siku ileile.

Kibali cha Kasmir kinaisha mwezi wa tatu. Kwa sasa nimempa kazi kwenye stoo yangu Sanyuanli, anafunga maboksi ya kago. Anafunga vizuri, kona zimekaa. Kila asubuhi ananiambia shikamoo, Mama Agape, kwa sauti ileile ya zamani, na mimi nasema marahaba. Angenitukana siku moja ningelala. Hatukani. Mara moja tu nilimkuta amekaa juu ya rundo la marobota, mgongo umenyooka, mkono mmoja mbele kama ameshika kitu. Aliponiona akashuka akaomba radhi.

Juzi mteja wa Mwanza alipiga, anataka magauni ya Pasaka dazeni kumi. Nikachukua sampuli palepale stooni, nikainua simu, nikaanza: mbele, nyuma, pindo, kola. Zipu ilikuwa imeachia chini ya kwapa. Nilikuwa bado naongea, namsifia kitambaa, nilipoona mkono wangu umeshapinda.

Nikainua macho. Kasmir alikuwa amesimama na utepe wa gundi mkononi, anautazama mkono. Kisha akainama, akavuta utepe, akaendelea kufunga boksi.